Asubuhi Bi Swichi Alipokataa Kusema Tayari

Katika kampuni ile ya intaneti, ukiuliza jina lake la kwenye kitambulisho utawatoa watu jasho bure. Mlinzi wa getini halijui, na bosi mwenyewe aliwahi kulikosea kwenye barua ya likizo. Lakini ukisema Bi Swichi, kila mtu atakunyoshea kidole: panda ngazi mpaka ghorofa ya pili, mlango wa mwisho kushoto, chumba chenye baridi kama friji, meza ya dirishani, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni.

Jina hilo alilitoa kwenye swichibodi. Alipomaliza kidato cha nne alikuwa na miaka kumi na tisa, wadogo zake wanne wakimtazama yeye, na sauti nzito iliyotulia ambayo watu walidhani ni ya mtu mzima zaidi. Sauti hiyo ndiyo iliyompa kazi kwenye jumba la simu. Enzi hizo mtu akitaka kuongea na ndugu yake wa mji mwingine alimpigia opereta, opereta akachomeka waya hapa, akachomeka mwingine pale, na watu wawili wakasikilizana. Bi Swichi alikaa mbele ya matundu mia mbili kwa miaka kumi na minne.

Huko alijifunza kwamba namba husomwa tarakimu moja moja, bila kurembwa. Na alijifunza, kwa njia ngumu, kwamba humwambii mtu "ongea" kabla wewe mwenyewe hujasikia sauti ya upande wa pili. Mwezi wake wa kwanza kazini aliliwahisha neno hilo. Alimwambia baba mmoja "ongea," na yule baba akaanza kueleza msiba wa kaka yake, nusu dakika nzima, kwenye waya usiokuwa na mtu. Alipogundua kwamba hakuna aliyemsikia, ilibidi aanze upya, tangu mwanzo, huku sauti ikimkatika. Bi Swichi aliusikiliza ule mwanzo wa pili wote, na hakuwahi kuusahau.

Mitambo mipya ilipokuja, jumba la simu likafungwa. Wenzake wengi walirudi majumbani. Yeye alihangaika mapokezi hapa na pale, mpaka akaangukia kwenye kampuni ya intaneti, dawati la kupokea simu za wateja. Kazi yake ilikuwa kusikiliza malalamiko, kuyaandika, na kuyapeleka kwa wahandisi waliokaa chumba kimoja naye. Walikuwa watatu. Mkuu wao aliitwa Mhandisi, kana kwamba duniani hakuna mwingine. Wa pili alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu aliyeitwa Kasi, kwa sababu vidole vyake kwenye kibodi vilikuwa kama mvua kwenye bati. Wa tatu alikuwa Mzee Kebo, aliyebakiza miaka miwili kustaafu na ambaye siku hizo hakuulizwa jambo.

Kila asubuhi, kabla ya chai, Mzee Kebo alifungua dirisha jeusi kwenye kompyuta yake, akaandika mstari mmoja wa maneno, akasubiri. Mistari myeupe ikashuka. Akaisoma, akaandika kitu kwenye daftari, akalifunga dirisha. Bi Swichi alimtazama kwa wiki nzima, akashindwa kuvumilia.

"Mzee, hiyo nayo ni nini?"

"Vuta kiti," alisema Mzee Kebo, na uso wake ukawa wa mtu aliyesubiri swali hilo muda mrefu.

Akamweleza. Intaneti, alisema, ni mitandao mingi iliyoshikana mikono, na kila mtandao una namba yake. Kutwa kucha inatangaziana: anwani hizi ziko kwangu, ukiwa na mzigo wake leta huku.

"Kwa miaka mingi tuliaminiana hivyo hivyo, kwa maneno matupu."

"Na mtu akidanganya?"

"Mzigo unaenda kwake. Wala si lazima adanganye. Kidole kikiteleza tu, yale yale. Ndiyo maana siku hizi mwenye anwani anaandika hati. Anasema, anwani zangu hizi zitangazwe na mtandao namba fulani, si mwingine. Anaitia saini ya kompyuta, isiyoghushika, na hati inawekwa kwenye ghala la wazi. Programu hii inazipitia hati zote za dunia, inakagua kila saini, inatupa zilizopitwa na wakati. Halafu unaiuliza: namba fulani ikitangaza anwani fulani, utasemaje? Ina majibu matatu tu. Halali. Batili. Sina habari."

Bi Swichi akacheka. "Inasema sina habari?"

"Inasema."

"Hapa ofisini nani mwingine anaweza kusema hivyo?"

Mzee Kebo alicheka mpaka akakohoa, na Mhandisi akageuka kuwatazama kwa jicho la mwalimu wa zamu. Tangu siku hiyo, kiti cha Bi Swichi kilihamia pale kila asubuhi kwa robo saa.

Alikuwa na miaka arobaini na sita. Kwenye kompyuta alikuwa amezoea kubofya picha na kufungua barua, basi. Dirisha jeusi halikuwa na picha. Uliliuliza kwa maandishi, likakujibu kwa maandishi, na ukikosea herufi moja lilikataa bila kukuonea haya. Bi Swichi alilipenda kwa sababu hiyo hiyo. Alisema linamkumbusha msimamizi wake wa kwanza kule jumba la simu, mama aliyekuwa mkali kweli kweli lakini hakuwahi kumwonea mtu.

Amri alizinakili kwenye daftari na kwenda nalo dukani kwa mumewe. Mume wake alikuwa fundi cherehani, na yeye mwenyewe alimwita Fundi tangu siku za uchumba. Jioni, akisubiri afunge duka, alimpa daftari amshikie asome, na yeye akijaribu kuzitaja amri kwa kichwa.

"Kistari, kistari, halafu neno," alisema Bi Swichi.

"Hapa umeandika kuna nafasi kabla ya vistari."

"Ndiyo, nafasi. Nimeisahau."

"Na ukiisahau?"

"Inakataa yote."

"Kwa nafasi moja tu?"

"Moja tu."

Fundi akatoa pini mdomoni. "Basi hiyo mashine ina roho ya bibi harusi anayejaribu gauni," alisema, na akarudi kwenye pindo lake.

Ilimchukua miezi minane. Mzee Kebo hakumfundisha tu kuandika amri, alimfundisha kusoma majibu: hati ngapi zimesomwa, ngapi zimekataliwa na kwa nini, ghala lipi halikupatikana asubuhi hiyo, hati zipi za kampuni zinakaribia kuisha muda. Siku ya kustaafu kwake walimkatia keki, bosi akatoa hotuba fupi, Mhandisi akampa mkono. Kabla hajashuka ngazi, mzee alimvuta Bi Swichi pembeni. "Kila asubuhi," alisema. "Kabla ya chai. Hata wakikucheka."

Wakamcheka kweli. Mhandisi alikuwa ameshaleta ukurasa mpya wa kisasa uliokuwa na rangi: hati ikiwa sawa inakuwa ya kijani, ikiwa na tatizo inakuwa nyekundu. Alitaka programu ya Mzee Kebo iondolewe kabisa, inakula nafasi kwenye mashine. Bi Swichi akamwomba aiache.

"Inakusaidia nini, Mama?"

"Inanijibu ninachouliza. Ule ukurasa unaniambia unachotaka wenyewe."

Mhandisi akainua mabega. "Mwacheni Bi Swichi na dirisha lake jeusi," aliwaambia wenzake, na maneno hayo yakawa utani wa ofisi. Mtu akikosa kalamu aliambiwa aiulize kwenye dirisha la Bi Swichi. Kiyoyozi kikigoma, Bi Swichi aulizwe kama ni halali au batili. Naye alicheka nao, akaendelea kuandika kwenye daftari lake: tarehe, saa, idadi ya hati, hali ya zile kumi na moja za kampuni. Mwaka mmoja na miezi kadhaa ukapita, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulifungua daftari lile.

Ndipo ikaja kazi ya hospitali.

Ilikuwa hospitali kubwa, yenye zahanati sita chini yake, na yote ilikuwa imeunganishwa kupitia kampuni nyingine. Sasa walikuwa wanahamia kwao. Kwa kampuni ndogo kama ile, huo ulikuwa ushindi wa kuvimba kichwa, na bosi alikuwa akitembea kwenye korido anapiga mluzi. Hospitali ilikuwa na anwani zake yenyewe, na hati iliyosema zitangazwe na kampuni ya zamani peke yake. Kwa hiyo ilibidi hospitali iandike hati ya pili, ya kuiruhusu kampuni mpya. Kasi aliwasaidia kuijaza Jumatano jioni, dakika tano tu, akaenda zake.

Mpango wa Alhamisi ulikuwa mwepesi. Saa nne kamili asubuhi kampuni yao itaanza kuzitangaza anwani za hospitali. Bi Swichi atakuwa kwenye simu na dada anayesimamia kompyuta za hospitali. Bi Swichi akisema "tayari," yule dada ataiambia kampuni ya zamani ikate. Neno moja, basi. Walimpa kazi hiyo kwa sababu ya sauti yake.

Asubuhi hiyo aliendesha ukaguzi wake kama kawaida, akaona hati za hospitali sasa ni mbili. Akaridhika. Lakini saa tatu na dakika arobaini, akiwa ameshavaa vile vidude vya masikioni vya simu, aliona ana dakika za kupoteza, akaamua kuiuliza programu swali lenyewe la siku hiyo: mtandao wetu, namba sita nne tano sifuri moja, ukitangaza anwani za hospitali, utasemaje?

Programu ikajibu: batili.

Alidhani amekosea kuandika. Akafuta, akaandika upya kwa kidole kimoja, akitaja kila tarakimu chini ya pumzi. Batili. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, akauliza mara ya tatu. Jibu halikubadilika.

"Kasi, mwanangu, njoo uone."

Kasi alikuja na kikombe mkononi. Akatazama, akatabasamu. "Mama, hiyo inakumbuka mambo ya jana. Ona kwangu." Akamwonyesha ukurasa wa rangi. Hati zote mbili za hospitali zilikuwa za kijani, kijani kibichi cha kupendeza. "Na kwenye ruta nimejaribu, laini inapita safi kabisa."

"Umejaribu kutoka humu ndani."

"Ndiyo."

"Sisi wenyewe hatuwezi kujikatalia. Wa nje je?"

Kasi akafungua mdomo kujibu, lakini mlango ukafunguliwa. Bosi aliingia na mgeni: daktari mkuu wa hospitali, mwanamume mrefu mwenye mvi za pembeni, aliyekaribishwa kushuhudia mambo. Nyuma yao aliingia Mhandisi, amevaa tai ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Wakasalimiana. Bosi akaanza kueleza jinsi vijana wake walivyojipanga. Bi Swichi alisogea kwa Mhandisi, akamnong'oneza.

"Mhandisi, programu inasema batili."

"Baadaye, Mama."

"Nimeiuliza mara tatu."

"Ukurasa ni wa kijani," alisema Mhandisi bila kumtazama. "Tafadhali, kaa kwenye simu."

Akarudi kwenye kiti chake. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro dakika tatu. Alijua yeye ni nani pale. Hana digrii, hana hata cheti cha wiki mbili cha mambo ya mitandao. Alikuwa mpokea simu aliyefundishwa na mzee aliyestaafu. Kama programu imekosea, utani wa dirisha jeusi utamfuata mpaka kaburini, na bosi ataaibika mbele ya mgeni wake. Kama haijakosea, basi yeye ndiye atakayekuwa amemwambia mtu "ongea" kwenye waya usio na mtu.

Saa nne kamili Kasi akabonyeza. "Tunatangaza," alisema.

Dada wa hospitali akasema sikioni mwa Bi Swichi: "Haya, Bi Swichi. Kampuni ya zamani iko kwenye laini yangu nyingine, inasubiri. Mko tayari?"

Chumba kizima kilimgeukia.

"Bado, dada," alisema Bi Swichi, kwa sauti ile ile ya miaka yote. "Hatujawa tayari. Usikubali wakate laini ya zamani. Nitakupigia mwenyewe."

Bosi aliacha mdomo wazi. Mhandisi akaja mpaka mezani, shingo imemvimba juu ya tai.

"Nani amekupa mamlaka ya kusimamisha kazi?"

"Hakuna aliyenipa, Mhandisi. Lakini neno mlinipa mimi kulisema, na siwezi kulisema kama si kweli."

"Hati ni ya kijani. Nimeiona mimi, ameiona Kasi, wameiona hospitali."

"Basi tuisome pamoja. Ikiwa sawa, nitampigia yule dada mbele yenu na nitaomba radhi kila mtu hapa."

Daktari alikuwa ameegemea mlango. "Isomeni," alisema taratibu. "Mimi sina haraka."

Kasi akaifungua hati kwenye ukurasa wa rangi. "Mtandao namba elfu sitini na nne, mia tano na moja," alisoma haraka. "Ndiyo yetu."

Bi Swichi alisimama nyuma yake. "Soma tena, mwanangu. Tarakimu moja moja. Na uweke kidole."

Kasi akashusha pumzi ya mtu anayemvumilia shangazi yake. Akaweka kidole kwenye skrini. "Sita," alisema. "Nne. Tano. Moja." Kidole kilibaki pale pale. "Sifuri," alimalizia, kwa sauti ambayo haikusikika vizuri.

Tarakimu mbili za mwisho zilikuwa zimepishana. Hati ilikuwa imeruhusu mtandao mwingine kabisa, sijui wa nani, sijui wa wapi. Watu watatu walikuwa wameitazama na wote walisoma walichotarajia kukiona.

"Lakini ni ya kijani," alisema bosi, kama mtu anayeomba msaada.

Mhandisi alijibu taratibu, akimtazama Bi Swichi. "Ni ya kijani kwa sababu saini yake ni nzima. Ukurasa unakagua saini. Haujui tulikuwa tunataka kuandika nini."

"Sijaelewa," alisema daktari.

Bi Swichi akamgeukia. "Daktari, ni kama cheti cha dawa. Saini ni yako, mhuri ni wako, hakuna aliyeghushi. Ila jina la mgonjwa ni la mtu mwingine. Duka la dawa likisoma vizuri, litamrudisha mgonjwa wako mikono mitupu."

Daktari alielewa mara moja, na uso wake ukabadilika. "Na kama mngeendelea?"

Hapo Mhandisi hakujificha, na Bi Swichi alimheshimu kwa hilo siku zote baadaye. "Laini ya zamani ingekatwa," alisema. "Na mitandao mingi ya nje inayokagua hati ingelikataa tangazo letu. Hospitali yako isingepatikana kutoka sehemu kubwa ya nje, na sisi humu ndani tungeona kila kitu kiko sawa. Ingetuchukua saa nyingi kujua tatizo liko wapi."

Daktari akavuta kiti cha plastiki, akaketi. "Saa tano kasoro robo tuna mgonjwa mezani, upasuaji wa kichwa," alisema. "Daktari bingwa yuko mji mwingine, anaangalia picha na kutuelekeza. Mimi niliambiwa kuhama kutachukua dakika mbili."

Bosi alikuwa anaangalia viatu vyake.

Bi Swichi alishavaa vidude vyake vya masikioni. Akampigia dada wa hospitali, akamweleza, akamsomea namba tarakimu moja moja, akamtaka airudie. Dada akairudia. Hati ikaandikwa upya, ikasainiwa saa nne na dakika kumi na mbili. Kasi, ambaye masikio yake yalikuwa bado yanawaka, alisema, "Basi, sasa tunaweza."

"Hapana. Imeandikwa, haijasomwa. Ngoja itoke ghalani."

Akaendesha programu. Batili. Akangoja robo saa, akaendesha tena. Batili. Daktari alisogeza kiti chake karibu, akatazama mistari myeupe ikishuka kwenye dirisha jeusi, akauliza hiki ni nini na kile ni nini, na Bi Swichi akamjibu kimoja kimoja. Saa tano kasoro robo ilifika, ikapita. Hospitalini mgonjwa alikuwa mezani, na picha zilisafiri kwa laini ya zamani kama siku zote, bila mtu kule kujua kulikuwa na jambo.

Saa tano na dakika tano programu ikajibu: halali.

Kasi alipiga meza kwa furaha. Bi Swichi hakuinua simu.

"Sisi tumeisoma," alisema. "Na wengine nao wasome. Kila mtandao una saa zake za kwenda ghalani. Tena mgonjwa wa daktari bado yuko mezani."

Mhandisi, tai mkononi, aliitikia kwa kichwa. "Tungoje," alisema. Lilikuwa neno la kwanza la Bi Swichi alilowahi kulikubali bila kuliongezea lake.

Saa saba kasoro dakika kumi, daktari alipopigiwa simu kwamba upasuaji umekwisha salama, Bi Swichi aliuliza mara ya mwisho. Halali. Akamwomba Kasi apige simu kwa rafiki zake wa mitandao miwili ya nje, waangalie kwao. Wote wakasema wanaiona njia mpya, safi. Ndipo akampigia yule dada.

"Tayari," alisema.

Laini ya zamani ikakatwa. Zahanati zote sita zikabaki hewani, na hospitali, na picha zake zote. Hakuna mteja hata mmoja aliyepiga simu kulalamika mchana ule, na kwa Bi Swichi, aliyepokea malalamiko kwa miaka, ukimya huo ulikuwa mtamu kuliko makofi. Makofi nayo yalikuwepo. Daktari ndiye aliyeanzisha, akiwa amesimama, na bosi akafuata.

Asubuhi ya Ijumaa, kabla ya chai, Bi Swichi alisikia kiti kikiburutwa. Alikuwa Mhandisi. Akakiweka kando ya meza yake, akakaa, akaweka daftari jipya magotini.

"Nionyeshe," alisema.

Bi Swichi alimtazama aone kama ni utani. Haukuwa. "Tunaanza na nafasi," alimwambia. "Usisahau nafasi kabla ya vistari."

Jumapili alikwenda kumsalimia Mzee Kebo nyumbani kwake, akamkuta uani anatengeneza redio. Akamsimulia kila kitu. Mzee alisikiliza bila kumkatiza, bisibisi mkononi.

"Uliiuliza mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Ya kwanza ingetosha."

"Najua. Hizo mbili zilikuwa za kunitia moyo mimi."

Mzee Kebo hakumsifu, hakuwa mtu wa sifa. Alimwita mkewe aliyekuwa ndani. "Njoo umsalimie mwanafunzi wangu," alisema, na jinsi alivyolitamka lile neno, Bi Swichi alilazimika kutazama redio kwa muda.

Kampuni ikaweka sheria: hakuna kuhamisha mteja mpaka Bi Swichi aulize na ajibiwe halali. Simu za malalamiko akapewa mtu mwingine. Kwenye mlango wake wakabandika cheo kirefu ambacho hakuna aliyekitumia. Na miezi michache baadaye, kampuni zote za intaneti zilipokutana kwa mkutano wao wa mwaka, zikaomba mtu wa kufundisha ukaguzi wa hati. Bosi alidhani Mhandisi ndiye atakwenda. Mhandisi akasema, "Mimi nilifundishwa na yeye. Aende yeye."

Fundi alimshonea suti ya bluu iliyokoza, na akaipima mara tano, mpaka mkewe akamuuliza kama anamshonea rais. "Rais angeng'ang'ania nyeusi," alisema Fundi, akimzungusha mabega mbele ya kioo. Akamnyoosha kola. "Wakikuuliza ni nani amekushonea, uwaambie."

Ukumbini walikuwa watu sitini, wengi wa umri wa watoto wake, kila mmoja na kompyuta mbele yake. Bi Swichi alisimama, akavaa miwani, akafungua dirisha jeusi kwenye ukuta mkubwa mweupe. Alizungumza kama alivyozungumza kwenye waya: polepole, neno baada ya neno, hakuna kurudia bila sababu. Aliwasimulia asubuhi ya hospitali bila kumtaja Kasi wala Mhandisi. Aliwafanya wote sitini waweke kidole kwenye skrini na kusoma namba za mitandao yao kwa sauti, tarakimu moja moja, na ukumbi ukavuma kama darasa la kwanza. Wawili kati yao wakakuta makosa kwenye hati zao wenyewe, pale pale. Mmoja akatoka nje kupiga simu mbio.

Mwishoni bwana mmoja wa mstari wa mbele aliinua mkono. "Mama, samahani, umesomea chuo gani?"

"Jumba la simu," alisema Bi Swichi. "Miaka kumi na minne."

Watu wakacheka, lakini yule bwana aliandika jibu hilo kwenye karatasi yake.

Watu walipokuwa wanakwenda kula, wanawake wanne walimsubiri kwenye ngazi. Hawakuwa wahandisi. Walikuwa wapokea simu wa kampuni zao, waliotumwa kuja kuandikisha majina mlangoni, na walikuwa wamesimama nyuma ya ukumbi wakisikiliza. Mkubwa wao, mwenye umri unaokaribia wake, ndiye aliyesema.

"Dada, sisi tunaweza kuanzia wapi?"

Bi Swichi alivua viatu, maana vilikuwa vimembana tangu asubuhi, akaketi kwenye ngazi na suti yake mpya, akafungua kompyuta mapajani. Wakamzunguka, wawili juu, wawili chini. Akampa yule mkubwa kibodi.

"Andika wewe," alisema. "Mimi nitataja."

Yule mama akaandika kwa kidole kimoja, akabonyeza. Dirisha likakataa.

"Nimeharibu?"

"Hujaharibu kitu. Soma imekwambia nini."

Wote watano wakainama kusoma.